Karavani tuliyonunua wawili, nataka kusafiri nayo peke yangu

Dada mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 59, mzaliwa wa Tanga. Nimeishi Perth, Australia Magharibi, tangu mwaka 2001, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya moyo. Miezi minane kabla ya kifo chake tulikuwa tumenunua karavani ndogo ya mtumba, futi 14, yenye kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo na tangi la maji. Mpango ulikuwa akistaafu tuzunguke Australia mwaka mzima. Tulitoka nayo mara mbili tu, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa pembeni na chupa ya chai.

Tangu wakati huo karavani ipo uani, imefunikwa turubai. Mwezi uliopita nililifunua ili nipige picha za kuiuza. Nilipofungua kabati la nguo nikakuta karatasi aliyoibandika upande wa ndani wa mlango, mwandiko wake mwenyewe: hatua 11 za kuunganisha karavani na gari. Hatua ya nane inasema, "Mama watoto asimame nyuma aangalie taa." Dada, nilikaa pale kitandani nikalia mpaka adhuhuri ikaadhiniwa kwenye simu yangu. Halafu nikaisoma tena ile karatasi kuanzia mwanzo, na safari hii nilikuwa naisoma kama mtu anayetaka kujua inafanywaje.

Nimeomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara na nimekubaliwa. Sasa nyumbani hakukaliki. Kijana wangu wa kwanza anasema nimechanganyikiwa kwa msiba, watu wanapotea huko nyikani, wanauawa, na karavani iuzwe haraka. Binti yangu aliyeko Melbourne hasemi kitu, analia tu. Dada yangu wa Tanga kanipigia kuniambia mjane hatembei maporini bila mahramu, watu watasemaje. Na mimi mwenyewe sijawahi kuvuta hata trela la kubebea takataka. Nina presha, natumia vidonge kila siku. Nimefikiria pia niuze nyumba ili nisiwe na wasiwasi wa pesa njiani.

Jambo moja sijamwambia mtu. Mchana siogopi. Naogopa jioni, ile saa jua linazama na yeye angekuwa anatandika meza nje. Je, niende au nimechanganyikiwa kweli?

Mjane mwenye karavani, Perth

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, ampe kauli thabiti.

Hujachanganyikiwa. Nakujibu kama mtu aliyefika: nilizunguka nchi hiyo peke yangu kwa miezi 14 nikiwa na miaka 61, karavani ya futi 16 nyuma yangu, na mimi nilianza bila kujua kurudi nyuma nayo. Njiani utakuta wastaafu wengi wanaishi hivyo mwaka hadi mwaka, na wanawake walio peke yao si wachache. Kwa hiyo jibu langu ni uende. Ila safari uliyonayo kichwani ilipangwa kwa watu wawili, na hatua ya nane ya ile karatasi imekwisha kukuonyesha. Kazi yako kabla ya kuondoka ni kuipanga upya yote, kila kipengele, iwe ya mtu mmoja.

Anza na karatasi yenyewe. Usiibandue. Chukua karatasi nyingine, uibandike chini yake, uandike hatua zako kwa mwandiko wako. Pale panaposema usimame nyuma uangalie taa, wewe utaweka simu juu ya kigoda nyuma ya karavani ikirekodi, urudi kwenye usukani, uwashe indiketa ya kushoto, ya kulia, ukanyage breki, kisha ukaangalie video. Jioni ni rahisi zaidi: rudi nyuma karibu na ukuta mweupe, mwanga wa taa utauona ukutani kwa kioo cha pembeni. Pale ambapo mtu wa pili angekuelekeza kwa mkono uegeshe mpira wa kuvutia, ule wa chuma ulioko nyuma ya gari, chini ya kikombe cha karavani kinachoufunika, utajifunza kushuka. Unashuka, unaangalia, unapanda, unasogea kiasi cha shubiri moja, unashuka tena. Mimi siku ya kwanza nilishuka mara 19. Mwezi wa tatu wa safari nikawa nashuka mara mbili.

Ukishaunganisha, usiamini macho. Zungusha mpini wa lile gurudumu dogo la mbele ya karavani kana kwamba unataka kuinua karavani. Kama nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, kikombe kimeshika. Kama kikombe kinachomoka, umshukuru Mungu kimechomoka uani kwako na si barabarani. Kisha minyororo ya usalama, ipite chini kwa kupishana kama mikono iliyokunjwa, kisha plagi ya umeme, kisha handibreki ya karavani itolewe. Soma kila hatua kwa sauti huku umeigusa kwa kidole. Na mtu akija kukusalimia ukiwa katikati, ukimaliza kuzungumza naye anza upya kutoka hatua ya kwanza. Karavani nyingi zinazochomoka ni za watu waliokatizwa.

Kurudi nyuma kujifunze Jumapili asubuhi katika uwanja wa maegesho usio na magari. Shika usukani kwa chini, pale ambapo uso wa saa una namba sita. Ukisogeza mkono kulia, mkia wa karavani unakwenda kulia. Ukisogeza kushoto, unakwenda kushoto. Sogeza kidogo, kisha subiri, maana karavani huchelewa kuitikia na mgeni huongeza usukani kwa papara mpaka inajikunja. Ikianza kujikunja simama, nenda mbele, inyooke, anza tena. Perth kuna mafunzo ya siku moja ya kuvuta karavani, lipia. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ninayotaka uitumie.

Ya pili iwe ya mizani. Jaza kila kitu utakachosafiri nacho, maji, gesi, vyombo, nguo, zana, mpaka Qur'ani na kibao cha chapati, kisha upeleke gari na karavani kwenye mizani ya umma. Linganisha na namba zilizopigwa kwenye kibati cha karavani na zile za kitabu cha gari. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 80 ni kama kubeba mtu mzima. Ukizidisha uzito, bima inaweza kukataa kukulipa, na breki zitakukataa kabla ya bima.

Uzito ukae wapi ni jambo kubwa vilevile. Vizito viwe chini, juu ya ekseli. Mkia uwe mwepesi. Karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani ikandamize ule mpira wa kuvutia. Mimi nilipuuza hilo. Niliweka sanduku la zana na madumu mawili ya maji nyuma kabisa kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Kusini ya Carnarvon lori la matrela matatu lilinipita, upepo wake ukasukuma karavani, na karavani ikaanza kutikisa mkia kushoto, kulia, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia, mpaka usukani ukawa unacheza mikononi mwangu. Kinachookoa pale ni kutokanyaga breki ya gari kwa nguvu. Unaachia mafuta taratibu, unashika usukani unyooke, na unabonyeza kwa mkono kile kitufe cha breki za karavani kilichoko karibu na usukani. Zikishika zenyewe zinaivuta karavani nyuma, inanyooka. Hakikisha karavani yako ina breki za umeme na kitufe hicho kipo, na ujizoeze kukitafuta bila kuangalia. Siku ile nilikaa kando ya barabara saa nzima nahamisha madumu, mikono inatetemeka.

Sasa kuhusu kijana wako. Anaogopa watu wabaya, na simlaumu, ndizo habari zinazotangazwa. Lakini huko nyikani hatari za kila siku ni nyingine: usingizi, wanyama jioni, joto, uzito, na mtu kuliacha gari akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Hili la mwisho liandike kwenye karatasi yako kwa herufi kubwa. Gari likiharibika, usiliache. Gari lina kivuli, lina maji, na linaonekana kutoka angani. Mwanamke mwenye ushungi anayetembea kwenye vichaka haonekani. Beba maji ya kunywa kwenye madumu mbali na yale ya tangi, lita zisizopungua 5 kwa siku, na akiba ya siku kadhaa, maana tangi likipasuliwa na jiwe linaisha usiku mmoja na hujui.

Simu haitoshi. Kuna masafa ya mamia ya kilomita ambayo hutapata mtandao wowote, na 000, namba ya dharura, haipigiki bila mtandao. Nunua kifaa cha kuita uokozi kwa setilaiti, kile kidogo cha kuvaa kiunoni, ukisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia; ndiyo inayoshughulikia hata walioko jangwani. Hicho ni cha roho ikiwa hatarini, si cha kuitia fundi. Weka pia redio ya UHF kwenye gari, ile ya kuongea na magari mengine. Madereva wa malori wanaongea chaneli ya 40, wenye karavani mara nyingi wapo 18. Ukiona lori refu nyuma yako linataka kupita, mwambie dereva umemwona, ushike mwendo uleule na mstari uleule, usitoke nje ya lami kumpisha. Yale marefu kabisa yanafika mita 53 na nusu. Dereva aliyezoea kusalimiwa na kuambiwa asante atakuambia naye kuna ng'ombe mbele au moto wa nyika. Nilipata maonyo mengi ya maana kutoka kwa watu ambao sikuwahi kuziona sura zao.

Halafu mpe kijana wako kazi. Mtoto anayeogopa bila kazi hukaa anakuza hofu. Kubaliana naye hivi: kila asubuhi unamtumia ujumbe wa unakotoka, unakokwenda na barabara utakayopita, kila jioni unamwambia umefika. Kama hakuna mtandao, una kifaa kingine cha setilaiti, kinachotuma ujumbe mfupi, au ulimwambia mapema kuwa leo hutasikika. Ikifika saa sita mchana ya kesho yake hajapata kitu, anapiga simu kwenye kituo cha mafuta ulichotaja, kisha polisi, 131 444. Mwandikie namba ya usajili wa gari, ya karavani, rangi zake na dawa zako. Binti yako mpe ramani, awe mtu wa kuangalia hali ya hewa na barabara zilizofungwa kabla hujaondoka mji wowote. Atalia kidogo, lakini atakuwa safarini nawe.

Njia na majira. Kaskazini ya Australia kuna masika yao, Novemba hadi Aprili, na ni mvua ya vimbunga na mafuriko. Januari 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Fitzroy Crossing, na barabara pekee ya lami ya kuvuka Kimberley, ile pande ya kaskazini ya Australia Magharibi, ikakatika. Daraja jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huohuo. Joto nalo si la kuchezea. Mji wa Marble Bar uliwahi kukaa siku 160 mfululizo, kuanzia Oktoba 1923 hadi Aprili 1924, kila siku ikifika nyuzi 37.8 au zaidi. Kwa hiyo ondoka Perth mwishoni mwa Aprili, ufuate pwani kwenda kaskazini wakati wa baridi yao, Juni na Julai uwe Broome na Kimberley, Agosti uingie Northern Territory, ushuke na barabara kuu ya Stuart kupitia Alice Springs, na Oktoba urudi Perth kwa Nullarbor, ule uwanda mkavu wa kusini, kabla jua halijakasirika. Chukua blanketi nzito: usiku wa Alice Springs wakati wa baridi hushuka chini ya sifuri.

Kabla ya hayo yote, wiki mbili za mwanzo usiende mbali. York, Toodyay, Northam, kilomita mia moja hivi kutoka nyumbani. Chochote kitakachovuja, kuchomoka au kukosekana kitajionyesha hapo, na fundi yupo.

Na mwaka huu wa kwanza usitoke kwenye lami. Utawakuta wenye karavani wakikusifia Gibb River Road, kilomita 660 za vumbi na mito ya kukatisha. Ni kuzuri kweli. Lakini ile njia ina vituta vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe mkondefu, vinalegeza kila skrubu, vinapasua matairi, na karavani ya futi 14 ya mtumba haikuundwa kwa hilo. Barabara kuu ya Great Northern ni lami tupu mpaka mwisho na itakupitisha Kimberley hiyohiyo. Ukitamani kuingia barabara za ndani zinazopita kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, nyingine zinahitaji kibali kabla, kiombe. Ile ni nchi ya watu, na kuomba hodi tumelelewa nako.

Mafuta jaza kila unapoona pampu, hata kama tanki ni nusu. Kati ya Sandfire na Roebuck, njia ya Broome, ni zaidi ya kilomita 280 bila kituo, na gari linalovuta karavani dhidi ya upepo linaweza kula karibu mara mbili ya kawaida yake. Sheria ya Australia Magharibi inakuruhusu kilomita 100 kwa saa ukivuta. Mimi nilikwenda 85 hadi 90 na sikuwahi kujutia. Safari ya siku isizidi kilomita 300. Mlipokuwa wawili mwingine angeweza kushika usukani au kukuzungumzisha. Sasa usingizi ukija hakuna wa kukuamsha. Nullarbor kuna kipande cha kilomita 146 kilichonyooka bila kona hata moja. Pale nilisimama mara tatu, nikanawa uso, nikatembea kuizunguka karavani nikigusa matairi kwa kiganja. Tairi lililo moto kuliko wenzake lina jambo. Ukifika mpaka wa kuingia Australia Magharibi, watakukagua na kukunyang'anya matunda, mboga na asali, kwa hiyo kula kabla.

Saa tisa alasiri uwe umesimama. Hili halina mjadala, kwa sababu ya kangaruu, ng'ombe wasio na zizi na ngamia ambao jioni huja barabarani. Lakini pia kwa sababu ya ile hofu yako. Mtu anayefika gizani amechoka, hajui kuna nani jirani, na jioni inamkuta hajajiandaa. Ukifika mapema unachagua. Tafuta pale penye karavani nyingine mbili tatu, egesha pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, usiitenganishe karavani na gari kama unalala usiku mmoja. Toa viti viwili nje, si kimoja. Mtu akikuuliza kama uko peke yako, si lazima ajibiwe ukweli, mwambie mwenzio amelala. Na moyo ukikataa mahali, usijadiliane nao, washa gari uondoke wakati bado kuna mwanga. Nilifanya hivyo mara mbili katika miezi 14, na mara zote mbili hakuna kilichotokea, na sijali.

Basi imefika saa kumi na mbili jioni. Nitakueleza ilivyo, ili isikushtue. Upepo unakata ghafla. Nzi wanaondoka wote kwa pamoja. Bati la karavani linaanza kupoa na linalia tik, tik, kama mtu anayegonga kwa ukucha, na usiku wa kwanza utadhani yupo mtu. Vumbi linakuwa jekundu kuliko mchana. Halafu nyota, mdogo wangu, nyingi kuliko ulizowahi kuziona tangu utotoni kabla ya umeme. Ni wakati huo kifua kitabana. Mimi sikuwa mjane nilipokwenda, nilikuwa nimeachika baada ya miaka 30, lakini kile kiti cha pili nilikijua. Kilichonisaidia ni kuwa na kazi ya mikono isiyoahirishwa katika saa hiyo. Nilikuwa nakanda unga. Wewe una sala ya magharibi, una sufuria, una meza ya kutandika; itandike wewe, kitambaa kilekile alichokuwa anatandika yeye. Usipige simu nyumbani saa hiyo, piga baada ya kula, maana sauti yako kabla ya kula itawatisha bure. Na ukilia, lia. Jirani wa karavani akisikia kuna uwezekano mkubwa naye amefiwa. Wengi njiani wamefiwa. Nilinywa chai nyingi na wajane.

Kuhusu presha, nenda kwa daktari wako mapema, mwambie unakwenda kwenye joto. Vidonge vingine vya presha hutoa maji mwilini na jua nalo linatoa, sasa yeye ndiye aseme kama dozi ibaki ilivyo. Beba dawa za kutosha na karatasi za daktari za kununulia nyingine, uzihifadhi mahali pa baridi, si kwenye dashibodi. Nunua kipimo cha mkononi upime asubuhi. Hakikisha una bima ya ambulensi, kwa kuwa Medicare, ile bima ya afya ya serikali, hailipii ambulensi. Na mwambie kijana wako kuwa nchi hiyo ina madaktari warukao kwa ndege: huduma iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn, ndege ya kwanza iliruka kutoka Cloncurry mwaka 1928, na hadi leo inawahudumia walio mbali, hata kwa ushauri wa simu. Wewe umezoea kuhudumia wazee, unajua dalili. Usizivumilie kwa kuogopa kusumbua watu.

Nyumba usiuze. Hili nalisema kwa msisitizo. Ulipoteza mume miaka miwili iliyopita. Usijipotezee na mlango wa kurudi mwaka huohuo unaojifunza kulala peke yako. Ipangishe, ilipe gharama zake. Pesa zikipungua njiani, mtu mwenye uzoefu wako wa wazee anaweza kupata kazi za muda katika miji midogo ya ndani, ambako wafanyakazi wa afya wanahitajika. Wiki sita Katherine au Alice Springs zitakujazia tanki mara nyingi.

Dada yako wa Tanga. Suala la mahramu lipeleke kwa sheikh unayemwamini, umweleze hali yako yote, na ulimalize kabla ya kuondoka, usilibebe njiani. La "watu watasemaje" ni jingine kabisa. Mwambie dada yako kuwa Alice Springs kuna msikiti unaoitwa wa Waafghani, kwa kumbukumbu ya Waislamu waliokuja na ngamia tangu miaka ya 1860 kutoka Afghanistan na Bara Hindi, wakabeba mizigo, nguzo za simu na vyakula kuvuka jangwa hilo kabla ya reli. Treni inayokwenda huko mpaka leo inaitwa The Ghan kwa ajili yao. Wale ngamia pori watakaokukatizia njia ni wajukuu wa ngamia wao. Utasali Ijumaa katika mji ambao watu wa dini yako walikuwepo tangu zamani.

Na kuna kitu nataka ukitazame kwa ajili yangu. Ukishatoka Broome kuelekea Derby, baada ya kilomita nyingi za vichaka vifupi na vichuguu vyekundu, utaanza kuona mibuyu. Si mfano wa mibuyu, ni ukoo uleule. Jamaa zake wote wengine wapo Afrika na Madagascar, na huu mmoja tu ndio uko Australia. Mnene tumboni, matawi juu kama mizizi, buyu lake lina unga mweupe ndani kama ule tuliokuwa tunamumunya shuleni. Mimi nilisimamisha gari katikati ya kilomita isiyo na jina, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye gome. Lilikuwa la moto, laini, kama la kwetu. Wakati wa baridi unakuwa umepukutika majani, utauona mzima.

Kaskazini huko usikaribie ukingo wa mto kabla ya kusoma bango; mamba wapo, hata kwenye maji yaliyotulia.

Jumamosi hii vua turubai lote, ukague mwaka uliopigwa kwenye ubavu wa matairi. Kama yamesimama uani muda wote huo yanaweza kuwa yamepasuka nyufa ndogo kandokando hata kama kashata bado ni nzima. Yakiwa na nyufa, badilisha yote pamoja na la spea. Halafu andika hatua ya kwanza kwenye karatasi yako.